Kipande cha Tatu cha Bimdogo

Bagamoyo,
Mfunguo Nne, 1953

Kwa kaka yangu Majaliwa bin Bwanaheri, Pangani.

Shikamoo kaka.

Nakuandikia nikimwomba Mungu barua hii ikukute na afya, wewe na wifi yangu Mwaija na watoto wote, na kile kifua chako kiwe kimekuachia angalau usingizi. Huku kwetu tu wazima, tunamshukuru Mola. Shemeji yako Abdala anakusalimu sana. Bado ana vita na mbuzi wa jirani, na mbuzi bado wanashinda. Mihogo mwaka huu imekubali, nami nikipata mtu wa kuaminika anayekuja huko nitakuletea makopa.

Najua umenuna. Uliniandikia na sikukujibu, nawe si mtu wa kusahau. Lakini tangu mwalimu wetu Bi Mize atutoke sikuwa na mkono wa kushika kalamu, na baada ya msiba kukatokea mambo mengine ambayo nilisema nisubiri yatulie ndipo nikuandikie. Hayakutulia. Basi naandika hivyo hivyo.

Nianze na kifo chenyewe, kwa kuwa simu uliyopelekewa haikusema ila amefariki. Bi Mize alikuwa akidhoofika tangu baada ya Ramadhani. Miguu ilimvimba, akawa hawezi tena kuketi kwenye kinanda, akatuomba tusogeze kitanda chake karibu nacho ili asikie watoto wanavyokosea. Mpaka siku zake za mwisho alikuwa akimkemea mtoto wa mwanafunzi mwenzetu Ashura kutoka pale pale kitandani, kwamba kidole gumba chake kimerithi uvivu wa baba yake. Alifariki Alhamisi mchana, mimi nikiwa nimeketi ukingoni mwa kitanda, mkono wake mkononi mwangu. Hakuhangaika. Nilimfumba macho mwenyewe, nikamwita Ashura, tukalia mpaka majirani wakaja.

Mazishi yake yangekufurahisha, kama mazishi yanaweza kumfurahisha mtu. Wale wale waliokuwa wakisema kwamba mwanamke anayepiga kinanda cha Wazungu hatapata wa kumbeba, walikuja wakagombea jeneza. Yule karani wa boma uliyesoma naye alitoka kazini bila kuaga. Mafundi cherehani wa mtaa wetu walifunika mashine zao. Mzee Msabaha, mpiga fidla uliyekuwa ukimwogopa utotoni, alisimama mbele ya watu akasema kwamba miaka mingi alikiita kinanda kile sanduku la Mzungu. Halafu siku moja Bi Mize akamwambia aketi aonyeshwe kwa nini fidla yake inagombana na waimbaji. Akaketi. Tangu siku hiyo hakuwahi kwenda harusini bila kupita kwanza kwa Bi Mize kulinganisha nyuzi. Alisema kila harusi iliyochezwa mji huu kwa miaka ishirini ilipita kwanza barazani kwa yule mama.

Mengine unayajua, kaka, lakini niache niyaandike, maana bila hayo hutaielewa hasira yangu.

Unajua kwamba Bi Mize binti Sadallah alipokuwa msichana alitumikia nyumba ya bibi mmoja wa Kijerumani, akawa anafuta vumbi kwenye kinanda na kukitegea sikio, mpaka yule bibi akamketisha akamfundisha. Vita ilipokuja na wenyewe wakaondoka, kinanda kikabaki kwake. Miguu ya kinanda aliitia ndani ya makopo ya mafuta ya taa mchwa wasipande. Na vile vinyundo vya ndani vilipoliwa na nondo, alikata tarbushi ya marehemu mumewe, akavivika kile kitambaa chekundu kimoja kimoja. Tulipomshangaa alisema marehemu hakuwahi kuimba alipokuwa hai, basi na aimbe sasa.

Lakini kufundisha kwake hakukuwa kwa Kijerumani hata kidogo, kulikuwa kwa chuoni, chuo cha Kurani. Unakumbuka tulivyotwanga. Hakuna mtoto aliyegusa kinanda kabla ya kupita kwenye kinu pale uani, watoto watatu, kila mmoja na mchi wake, tukipokezana bila kugongana. Wavulana wa mtaani walikuwa wakichungulia uani na kuwacheka ninyi wanaume mliokuwa mkitwanga, nawe ulikuwa ukilia usiku na asubuhi unarudi. Ukishajua kutwanga, anakwambia imba kwanza. Wimbo wote uuimbe kwa mdomo mpaka uwe wako, ndipo uruhusiwe kuugonga. Na mwisho kabisa, baada ya miaka, unahitimu kama anavyohitimu aliyemaliza msahafu. Mzazi wako anakuja na sinia ya halua na birika la kahawa, anakukabidhi mbele ya wanafunzi wote, unambusu Bi Mize mkono, anakupa radhi yake. Hapo ndipo anapokuketisha kwenye kinanda na kukufundisha kipande cha tatu cha Bimdogo. Kabla ya hapo hakuna aliyepewa, hata angemlilia.

Bimdogo alikuwa mwanawe wa pekee. Vipande viwili vya kwanza alivitunga mtoto akiwa hai, vya kumlaza. Cha tatu alikitunga baada ya homa kumchukua. Wimbo hauna maneno. Alisema hakuna neno alilolipata.

Sasa nije kwa huyo Mwishehe wako. Nasema wako kwa sababu wewe ndiye uliyemshika mkono ukamleta kwa Bi Mize, yatima aliyekuwa akilala kwenye baraza za watu, ukasema huyu ni kama ndugu yangu. Bi Mize akampokea, akamlisha, akamshonea kanzu. Ana mikono, sitamnyima haki hiyo. Alichokipata kwa mwaka mmoja mimi nilikipata kwa mitatu. Bi Mize akaamua ahitimu, na kwa kuwa hakuwa na mzazi wa kumbebea sinia, akasema atambebea yeye mwenyewe. Ulikuwapo. Halua ilipikwa, ukumbi ukafagiliwa, wageni wakaketi, tukamngoja Mwishehe. Baadaye mtu akaja kusema amemwona juu ya lori la Dar es Salaam pamoja na wale wanamuziki waliopita mjini wiki ile. Bi Mize alingoja mpaka magharibi ikaadhiniwa, sinia iko mapajani mwake. Kisha akatugawia ile halua, akatuambia tule. Mimi nilikuwa msichana, nikala, na tangu siku ile nikamchukia mtu yule, chuki ambayo haikuwahi kupungua hata robo.

Hakurudi. Hakutuma salamu hata siku ya Idi. Tukasikia ana kikundi chake, ana motokaa, anaimba kwenye santuri. Bi Mize akiulizwa habari zake alikuwa akisema Mungu amzidishie.

Halafu ikaja siku ya redio. Mwaka jana mimi na Bi Mize tulikwenda kununua uzi kwa yule Mhindi wa nguo aliyeleta redio dukani, na baraza yake siku zile ilikuwa haina pa kukanyaga kwa watu. Mtangazaji akasema sasa tutamsikia mtunzi maarufu Mwishehe katika wimbo wake mpya, Mrembo wa Mzizima. Nikasikia sauti za mwanzo nikazijua. Alikuwa Bimdogo, kaka. Wimbo wa mtoto aliyelala kaburini ameuvisha macho ya mrembo na kiuno cha mrembo na mwendo wa mrembo. Bi Mize alikamata nguzo ya baraza, machozi yakawa yanamchuruzika mpaka kwenye ukaya aliojifunika kichwani. Wimbo ulipokwisha mtangazaji akamwuliza nani alimfundisha. Akajibu kwamba hakufundishwa na mtu, ni kipawa cha Mungu tu. Huko kwao Bagamoyo palikuwa na ajuza mmoja aliyekuwa akigongagonga kinanda kibovu, basi. Watu barazani wakageuka wakamtazama Bi Mize. Yeye akajifuta uso, akacheka kidogo, akasema kibovu kweli, akaniambia tuchukue uzi wetu twende zetu.

Mimi sikucheka. Pale pale niliapa moyoni kwamba siku Mwishehe atakapokanyaga mji huu nitamvua nguo mbele ya kila anayemjua.

Basi baada ya arobaini, hitma ikiisha kusomwa vizuri na kila mtu ameshakula, Mzee Msabaha alitukusanya sisi wanafunzi wa zamani. Alisema tumemsomea Bi Mize, jambo jema, lakini mtu aliyeishi kwa kinanda anastahili pia kukumbukwa kwa kinanda, siku yake tofauti, mahali pake tofauti, ili masheikh wasitukasirikie. Sote tukakubali ukumbi wa chama. Kisha akasema, kwa aibu kidogo, kwamba ingefaa tumwalike Mwishehe awe mgeni wa heshima, kwa kuwa jina lake litaleta watu hata kutoka Dar es Salaam. Ashura akaruka juu, akasema bora amwalike fisi. Wote wakanitazama mimi, wakijua nitafanya vurugu kuliko Ashura.

Nikasema ni wazo zuri sana. Nikasema mwaliko nitauandika mwenyewe.

Na niliuandika, kaka. Nilimvika kilemba cha ukoka kirefu cha kuburuza chini. Nilimwita fahari ya Bagamoyo. Nilimwambia wazee na vijana wanaomba kwa unyenyekevu awapigie Mrembo wa Mzizima kwa mikono yake, kwenye kile kile kinanda kibovu, ili watu wapate kusimulia. Akajibu haraka kwamba atakuja. Nami nikawapitia wanawake wote waliohitimu kwa Bi Mize, nyumba kwa nyumba, na hata Mapinga kwa yule binti aliyeolewa huko. Sikuwaambia mengi. Niliwaambia tu kwamba mgeni akimaliza vipande vyake viwili, tusimwache Bimdogo njiani.

Siku yenyewe alichelewa. Motokaa ilizama kwenye mchanga wa barabara, ikabidi wanakijiji waisukume, akafika mgeni wa heshima vumbi limempaka nyusi. Alivaa suti nyeupe na viatu vinavyolia. Amenenepa. Ukumbi ulijaa, wanaume mbele, sisi wanawake nyuma ya pazia upande wa kulia, na kinanda tulichokihamisha kutoka kwa Bi Mize kimewekwa karibu na pazia kiasi kwamba ningeweza kunyoosha mkono nikamgusa bega. Mzee Msabaha akamkaribisha. Mwishehe akasema maneno mazuri mazuri. Akasema marehemu alikuwa mama mwenye moyo mwema ambaye alimtia moyo alipokuwa mdogo. Alimtia moyo! Mtu aliyemlisha, akamvika, akambebea sinia, alimtia moyo! Ashura alinishika kiganja ili nisipige kelele.

Akaketi, akapiga. Na alipiga vizuri, tena alipiga vizuri mno, hata baadhi ya wanawake waliokuwa nami wakaanza kufuta macho wakisahau walichokuja kufanya. Kipande cha kwanza, kipande cha pili, kisha akatia ule mwisho wake wa santuri, mikono inapanda na kushuka kwenye meno ya kinanda kwa mbwembwe, akasimama, akainama kwa watu. Wageni wa Dar es Salaam wakapiga makofi. Watu wa Bagamoyo walipiga kidogo.

Makofi yalipokwisha Ashura akaanza. Unaijua sauti ya Ashura, nzito, ya mtu aliyetwanga sana. Akaanza kipande cha tatu kwa mdomo mtupu kama tulivyofundishwa, bila maneno. Mimi nikaingia, wakaingia wengine, pazia zima likaingia. Kisha nikasikia sauti za wanaume kutoka mbele, karani wa boma, mafundi cherehani, wale vijana wa sokoni waliohitimu mwaka juzi. Mzee Msabaha akaitoa fidla yake kwenye mkoba wake akatufuata taratibu. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kila mtu mjini anajua kipande kile hupewa nani na hupewa lini, na kila mtu alimwona mtunzi wa Mrembo wa Mzizima amesimama kando ya kinanda, mkono mmoja juu ya mfuniko, hajui sauti inayofuata.

Tulipomaliza Ashura akapaza sauti kupitia pazia, kwa adabu tele, akamwuliza mgeni kama huko Dar es Salaam nyimbo huuzwa nusu nusu, au yake tu ndiyo ilikatwa njiani. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mzee mmoja wa mbele naye akamwuliza lile swali la chuoni, kwamba yeye alihitimu kwa nani. Mwishehe akachukua kofia yake akatoka, na viatu vyake vilisikika mpaka nje.

Nilifurahi, kaka. Sitakudanganya kwa hilo. Nilifurahi mpaka nikaketi sakafuni nikacheka na kulia pamoja. Nilimwona Bi Mize na sinia yake mapajani, na nilijiambia sasa nimelipa. Usiku ule nililala usingizi ambao sikuulala tangu msiba.

Asubuhi yake mtu akapiga hodi. Abdala alikuwa ameshatoka. Nikachungulia dirishani, ni Mwishehe, amekuja kwa miguu, bila koti. Alivua viatu akaviweka chini ya baraza, akaketi ukingoni kama walivyokuwa wakiketi wanafunzi wapya wasiojua kama watakubaliwa. Nilizungumza naye kwa mlango uliofunguka nusu. Hakunilaumu. Alisema tulichomfanyia ni haki yake na kingekuwa zaidi ya hapo angekipokea. Alisema siku ile ya halua alifika mpaka kona ya nyumba, akaona wageni wote wameketi na Bi Mize ameshika sinia ambayo kila mtu mwingine hushikiwa na mama yake au baba yake. Akaona kila mtu ataona kwamba yeye hana mzazi. Haya ikamshika, akakimbia, na baada ya kukimbia akaona haya kurudi, na kadiri miaka ilivyozidi haya ikazidi, mpaka akaanza kusema kwamba hakufundishwa na mtu, maana ukisema ulifundishwa watakuuliza mbona huendi kumwamkia. Akalia, mwanaume mzima. Kisha akaniuliza alichojia. Aliniuliza kama Bi Mize, kabla ya kufa, alimwachia neno lolote. Alitaka kujua kama alimpa radhi, au alikufa na kinyongo naye.

Nikamwambia hakukutaja.

Akaniuliza tena, kwa sauti ndogo, kama hata jina lake halikutajwa. Nikamwambia hata jina. Akavaa viatu vyake, akavivaa vibaya, mguu mmoja kamba haikufungwa, akaondoka.

Kaka, nilimdanganya.

Asubuhi ya ile Alhamisi, Bi Mize aliniomba nifunge mlango, akaniambia nimsikilize vizuri kwa kuwa hana pumzi ya kurudia. Alisema Mwishehe atakuja. Akija nimwambie kwamba radhi yake alimpa jioni ile ile ya halua, na hakuitoa hata siku moja. Alisema kosa lilikuwa lake yeye, kwa kumwandalia yatima sherehe ya watu wenye wazazi na kumsimamisha mbele yao, na kwamba alilijua hilo kabla adhana ya magharibi haijaisha. Alisema siku ile barazani kwa Mhindi hakulia kwa uchungu. Alilia kwa sababu mwanawe alizikwa akijulikana na watu wachache sana, na sasa wanamsikia mpaka Tabora. Alisema wamwite mrembo, wamwite wapendavyo, mama anamjua mwanawe. Kisha akaniagiza kwamba Mwishehe akija, nimpikie halua mimi, nimbebee sinia mimi, nimketishe kwenye kinanda na kumfundisha kipande cha tatu kwa mikono yangu. Nilimwambia ndiyo, Bi Mize, nimepokea. Akanipa radhi yake, na mchana akafa.

Kwa hiyo nilipouandika ule mwaliko nilikuwa ninajua. Nilipozunguka nyumba kwa nyumba nilikuwa ninajua. Nilipoimba nyuma ya pazia, amana ile ilikuwa kifuani mwangu, na mlangoni iliniletea maneno mpaka kwenye ulimi, nikayameza. Nilitaka aonje siku moja tu ile ladha ya halua ya jioni ile. Nilijiambia kesho nitamfuata nimwambie. Kesho ikapita.

Sasa anakuja kila Ijumaa. Haji kwa motokaa, anakuja juu ya lori la nazi, anakwenda moja kwa moja makaburini, anakaa mpaka alasiri, anaondoka. Sheikh mmoja alimwambia radhi ya aliyekufa huombwa kaburini. Mzee Msabaha ananiambia amekivunja kikundi chake na harusini hapigi tena, anasema mikono isiyo na radhi haifai kugusa furaha za watu. Ashura, ambaye ulimi wake unaujua, juzi alisema inatosha sasa. Mimi nikamwona kutoka uani kwangu akipita amebeba kibuyu cha maji ya kunyunyizia kaburi, nikaingia ndani. Bado nikimwona hasira inapanda. Na ikishuka naogopa, kaka. Bi Mize alinipa radhi nikiwa nimempa ahadi, na ahadi nimeila. Sijui kama radhi niliyonayo ingali yangu, au nimebaki sawa na yeye, isipokuwa yeye analia makaburini na mimi najifanya mshindi.

Nakuandikia leo kwa sababu Mzee Msabaha ameniambia Mwishehe anajiandaa kuja Pangani. Anataka kukuuliza wewe, kwa kuwa ndiwe uliyemkabidhi kwa Bi Mize, kama uliwahi kumsikia akimtaja kwa wema. Atapitia Chalinze na Msata, nadhani barua hii itamtangulia. Nimejaribu kumwambia mwenyewe. Ijumaa iliyopita nilivaa baibui nikafika mpaka lango la makaburi, nikamwona amepiga magoti, nikageuka. Nilirudi nyumbani nikamgombeza Abdala kwa kosa la mbuzi.

Basi akifika kwako, fanya utakavyoona. Lakini asijue kwamba ni mimi niliyekutuma umwambie, kwa sababu sikukutuma. Mimi nimekueleza tu alivyosema Bi Mize.

Wasalimie wifi na watoto, na yule mdogo mnibusie kwenye paji la uso. Abdala anasema usisahau kumtafutia ile kamba aliyokuagiza. Nasi tukipewa uhai tutaonana Maulidi. Ukinijibu, niandikie habari za nyumbani kwako. Hilo jingine, vyovyote litakavyokwenda, usiniandikie.

Nakuaga kwa heshima na mapenzi.

Mdogo wako,
Mwanvita binti Bwanaheri